Kuku wa Makoye na Vibuyu vya Febronia

Watu waliohamishiwa kijiji kipya jirani na Ushirombo, mwaka ule wa kuhamia vijijini, walikuwa na malalamiko ya kila namna. Huyu analalamikia maji kuwa mbali, yule analalamikia udongo, mwingine anasema nyumba zimepangwa mstari kama madawati ya shule na mtu hawezi hata kugombana na mkewe kwa nafasi. Febronia, mjane wa marehemu Gelasius, hakuwa na habari na maji wala udongo. Tatizo lake lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa na miguu miwili. Makoye, mume wa binti yake wa mwisho, Coletha, alikuwa amepewa kiwanja kinachopakana na cha kwake.

Msimfikirie vibaya huyo Makoye. Alikuwa kijana wa Kisukuma aliyetoka upande wa Shinyanga akifuata ardhi ya kulima pamba, mpole, mchapakazi, na Coletha alikuwa hajawahi kurudi kwa mama yake akilia. Tatizo lilikuwa ukwe. Kwa desturi za watu wale, mwanamume na mama mkwe wake hawakaribiani. Hawakai kivuli kimoja, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na wakikutana njiani ni mwanamume anayeacha njia na kuingia majanini mpaka mama apite. Hiyo si chuki, ndiyo heshima yenyewe. Kule walikotoka heshima hiyo haikuwa na gharama yoyote, maana kati ya mji wa Febronia na mji wa Makoye kulikuwa na bonde zima na kijito chake. Lakini hapa kijijini Febronia akipiga chafya, Makoye anaisikia akiwa kitandani.

Kwa hiyo kabla hata hajaezeka nyumba yake, Makoye alijenga uzio. Alikata mabua ya mtama, akayafunga kwa kamba za magome, akayasimamisha mpakani kutoka barabarani mpaka nyuma kabisa kwenye vichaka. Watu walimcheka kwamba anamjengea mama mkwe wakati mkewe na mtoto wao Limi wanalala kwenye kibanda cha majani. Yeye aliendelea kufunga mabua. Febronia aliyaona yote hayo akiwa upande wake, na moyoni alimpa maksi, ingawa kwa mdomo alisema tu kwamba mabua yale yangefaa zaidi kupikia.

Uzio ule ndio uliokuja kuwa mjumbe wao. Febronia akiwa na neno kwa mkwewe, alisimama karibu na mabua akazungumza na mabua. "Uzio," angesema kwa sauti yake ile iliyozoea kuongoza nyimbo kanisani, "mbuzi wa watu wamefunguliwa mapema leo." Upande wa pili kungesikika kikohozi, kimoja tu, maana yake amesikia na atashughulikia. Hivyo ndivyo walivyoelewana. Kulikuwa na kikohozi cha ndiyo. Cha hapana hakikuwepo, kwa sababu mkwe hamwambii mama mkwe wake hapana, hata kwa kukohoa.

Sasa tuje kwenye vibuyu, maana ndivyo vilivyoleta kasheshe yote.

Mama mzazi wa Febronia alikuwa na mbegu yake ya vibuyu. Vilikuwa virefu, vyenye kiuno chembamba katikati, na ganda gumu lililolia vizuri ukiligonga kwa ukucha. Maji yaliyokaa ndani yake yalipoa kuliko ya kwenye mtungi, na maziwa yaliganda bila kuchacha ovyo. Kila binti wa nyumba ile alipoolewa aliondoka na kibuyu kimoja cha mama, na ukiingia nyumba yoyote ukakuta kibuyu chenye kiuno kile, ulijua mke wa hapo katoka wapi. Febronia aliondoka na chake. Binti yake mkubwa Apolonia akapewa chake. Lakini Coletha alipoolewa ulikuwa mwaka wa ukame, mimea ya vibuyu ilikauka kabla ya kutoa maua, na msichana akaondoka kwa mama yake bila kibuyu. Kila Febronia alipomwona Coletha akichota maji kwa kopo la bati, aligeuza macho.

Halafu yakaja ya kuhama. Siku ya lori, vyombo vilirushwa juu ya vyombo, na kibuyu cha Febronia mwenyewe, kile alichokuja nacho kwa Gelasius akiwa msichana, kilifika kijijini kikiwa vipande. Kule nyuma nyumba ilikwisha kubomolewa. Kaburi la mumewe lilibaki na nyasi zake. Kilichofika kizima kutoka katika maisha yake yote ya kule kilikuwa mbegu, zilizofungwa ndani ya ganda la hindi, nyeusi kwa moshi wa jikoni, hata kiganja hazikujaza. Alizifunga kwenye pindo la kanga yake njia nzima na hakumruhusu mtu amsaidie kubeba.

Basi mvua za kwanza zilipoanza kunukia hewani, akili ya Febronia ilikuwa kwenye zile mbegu tu. Alilima kipande nyuma ya nyumba, karibu na uzio, palipokuwa na magugu ya miaka mingi. Alichimba mashimo, akatia samadi, akasubiri. Mvua ikanyesha usiku kucha, na asubuhi yake akapanda nusu ya mbegu. Nusu nyingine akaitundika kwenye pau juu ya moto, moshi uilinde na wadudu, kwa sababu hakuwa mjinga.

Zikaota. Kila asubuhi, akirudi kutoka misa ya alfajiri pale misheni, Febronia alipitiliza moja kwa moja bustanini akiwa bado na rozari mkononi, akachuchumaa na kuitazama miche yake. Majani mawili manene ya mwanzo, halafu jani la tatu lenye manyoya. Aliongea nayo. Aliiambia majina ya ndugu zake wa kike, aliiambia habari za bibi yao. Mtu ambaye hajawahi kupanda kitu cha mama yake hawezi kuelewa furaha ile, na mimi sitahangaika kumweleza.

Asubuhi moja akakuta mche umelala chini. Haukunyauka, umekatwa pale shina linapotoka ardhini, safi kabisa, na sehemu ya juu imeachwa hapo hapo. Kesho yake ikalala mingine. Na wakati Febronia amesimama pale, mikono kiunoni, damu inachemka, akapita kuku jike mwekundu wa Makoye, mwenye kidole kimoja cha mguu kilichopinda, akitokea chini ya uzio. Akaparua udongo kidogo kando ya mche uliokatwa, akadonoa kitu, akatazama huku na huku kwa lile jicho lao la kuku lisilo na haya. Alipoondoka alikuwa na kipande cha jani mdomoni.

Hapo kesi ikaisha. Mshitaki, shahidi na hakimu alikuwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa Febronia.

"Uzio," akasema, na safari hii mtaa mzima ulisikia, "kuku wanamaliza mbegu ya mama yangu."

Upande wa pili jembe likasimama. Halafu kikohozi.

Jioni hiyo kuku wote walifungiwa. Coletha alikuja kwa mama yake na Limi mgongoni, akakaa jikoni, akasema polepole kwamba kuku, kwa anavyomjua yeye, hula jani na kuliacha shina likiwa limechanika. Hakati kama kisu na kuondoka. Febronia akamuuliza kama ameanza lini kuwa wakili wa kuku. Coletha akainamia sufuria akakoroga, maana alimjua mama yake.

Miche ikaendelea kukatwa. Febronia akaona ni kwa sababu kuku wanafunguliwa mchana. Akauambia uzio. Kikohozi. Makoye akawa hawafungui kabisa, akawa anawachumia majani na kuwatilia pumba bandani. Miche ikazidi kukatwa, tena sasa kwa kasi. Febronia akasema kuku ni wajanja, lazima kuna tundu. Akauambia uzio kwamba mahali penye bustani ya watu hapafugwi kuku, basi. Safari hii kikohozi kilichelewa mpaka akadhani hakuna mtu. Kikaja, chembamba, kama cha mtu aliyemeza kitu kisichotaka kushuka.

Siku iliyofuata Makoye aliwafunga kuku wake wote miguu, akawapakia kwenye tenga nyuma ya baiskeli, akawapeleka Masumbwe kwa dada yake Mageni. Kuku wale ndio waliokuwa akiba ya nyumba ile. Mayai yao ndiyo aliyokula Coletha alipojifungua. Febronia alichungulia katikati ya mabua akaiona baiskeli ikiondoka, na mwekundu yule ametoa kichwa kwenye tenga, na alijisikia vizuri kwa muda unaotosha kuchemsha chai. Baada ya hapo hakujisikia vizuri, lakini hakuuliza moyo wake kwa nini.

Na miche iliyobaki ya awamu ile ya kwanza ikakatwa yote.

Sasa hakukuwa na kuku wa kumsingizia. Febronia alijaribu kila kitu alichokijua na vingine alivyoambiwa. Alizungushia majivu. Alitwanga pilipili akaichanganya na maji akanyunyiza mpaka akapiga chafya mwenyewe mchana kutwa. Alichomeka matawi ya miiba. Aliwaza kwale, aliwaza panya, aliwaza hata kwamba kuna mtu kijijini mwenye kijicho, na kwa wazo hilo akaenda kuungama. Kule alikotoka alikuwa akipanda vibuyu kwenye jaa la zamani, penye majivu ya miaka yote ya jiko lake, na hajawahi kuona kitu kama hiki. Hapa udongo ulikuwa mgeni kwake na yeye mgeni kwa udongo.

Zilibaki zile mbegu za juu ya moto. Alikaa nazo kiganjani jioni moja, akazigeuza geuza. Akizipanda na zikaliwa, basi mbegu ya mama imekwisha duniani, kwa maana Apolonia huko alikoolewa alishaacha kupanda zamani, anatumia ndoo. Asipozipanda zitazeeka nazo hazitaota tena. Alilia kidogo, sina sababu ya kuficha. Halafu akazipanda, akaenda kanisani, akawasha mshumaa kwa Mtakatifu Antoni, akamweleza jambo lote kwa urefu.

Zikaota. Na safari hii, jambo la ajabu, hazikukatwa.

Siku zikapita, miche ikasimama. Kila aliporudi misa aliikuta yote mizima, na si hivyo tu. Udongo kuzunguka kila shina ulikuwa umetifuliwa kidogo na kusawazishwa tena vizuri, kana kwamba umepitiwa na vidole. Febronia hakushangaa sana. Alijua Mtakatifu Antoni ni mtu wa kufanya kazi kwa utaratibu. Aliwasimulia akina mama wenzake wa kanisa, akaongeza na mshumaa mwingine. Makoye upande wa pili aliendelea na kazi zake, na kwa kuwa hakuwa amebatizwa, hakuna aliyemtegemea awe na maoni juu ya watakatifu.

Halafu ikaja asubuhi ambayo padri aliitwa kwa mgonjwa mbali, misa ikavunjika kabla haijaanza. Akina mama wakasali rozari fupi wakatawanyika. Febronia alifika nyumbani kungali na ukungu, akazunguka nyuma ya nyumba kama kawaida yake, na akasimama ghafla.

Mwanamume alikuwa amepiga magoti katikati ya bustani yake. Alikuwa amempa mgongo, kichwa chini, anatifua udongo kuzunguka mche kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayemtafutia mtoto mchanga chawa. Akavuta kitu kutoka udongoni, kinene, cha rangi ya majivu, kimejikunja mviringo. Akakitia kwenye kopo la bati. Akasogea kwenye mche unaofuata. Kopo lile Febronia alilijua, ni lile la Coletha la kuchotea maji.

Tawi likavunjika chini ya mguu wake. Makoye akajua. Hakugeuka. Aliganda pale pale alipopiga magoti, na Febronia naye aligeukia ukuta wa nyumba haraka kama aliyeshikwa anaiba. Wakabaki hivyo, mmoja anatazama ukuta, mwingine anatazama uzio, miche katikati yao.

"Mayu," Makoye akasema, kama Wasukuma wanavyomwita mama, na ilikuwa mara ya kwanza Febronia kuisikia sauti yake ikimjia yeye na si mabua. "Nisamehe. Nimeingia kwako bila hodi."

"Unatoa nini hapo?"

"Sota, hawa viwavi wa udongoni. Mchana wanalala chini ya udongo, usiku wanatoka kukata. Asubuhi mapema unawakuta wako karibu na shina, hawajaenda chini sana."

Febronia aliutazama ukuta wake. Palikuwa na ufa mahali, alikuwa hajawahi kuuona.

"Ndio waliokata tangu mwanzo?"

Kikohozi.

"Na wewe ulijua?"

Kikohozi tena, kidogo sana.

"Na kuku?" akauliza, ingawa jibu lilikwisha kumfikia na lilikuwa linamchoma. Alimwona tena yule mwekundu akiparua kando ya mche, akidonoa kitu udongoni. Hakuwa amekuja kula kibuyu. "Kuku walikuwa wanawala hawa."

Makoye akafunika kopo kwa kiganja.

"Kwa nini hukusema?"

Makoye akarudishia udongo kwenye shina, akausawazisha.

"Mayu ulisema ni kuku," akajibu.

Hakulitamka kwa kulaumu, wala kwa kujitetea. Aliueleza tu ukweli, kama anayesema mvua imenyesha. Mama alisema ni kuku, basi kuku wakaondoka. Na kwa kuwa kuku walikuwa wameondoka na kazi yao ilikuwa haijaisha, mtu wa kuifanya akawa yeye, saa ambayo mama yuko misa, ili heshima isivunjike. Febronia aliisikia hesabu hiyo yote ndani ya maneno yale machache, na aibu ikampanda kuanzia miguuni. Na pamoja na aibu kikaja kitu kingine ambacho hakuwahi kumpa mkwe wake yeyote, si mume wa Apolonia wala huyu. Alimpenda. Alimpenda kama angekuwa amemzaa na kumbeba mgongoni, na hakuwa na namna ya kumwambia, kwa sababu hata kumtazama hairuhusiwi.

"Basi endelea," akasema kwa ukuta. "Mimi naingia ndani."

Akaingia, akafunga mlango, akawasha moto ambao hakuwa na cha kupikia, ili awe na moshi wa kusingizia macho.

Febronia alikuwa mtu wa hasira za haraka, lakini hakuwa mtu wa kukaa na kosa. Mara tu alipopata lori la kuelekea Masumbwe alilipanda, amekaa juu ya magunia na kikapu kitupu mapajani. Kwa Mageni alipokelewa vizuri, akapewa kiti, akapewa maji. Kuku wengine, Mageni alisema bila kificho, walikwisha kuliwa, na wengine aliwagawa. Aliyebaki alikuwa jike mmoja mwekundu mwenye kidole kilichopinda, na huyo anataga vizuri, kumtoa itakuwa vigumu.

Febronia akamweleza kisa chote, bila kujipendelea. Mageni alisikiliza akiwa amekunja uso, halafu uso ukafunguka taratibu.

"Sisi alituambia ni zawadi," akasema. "Alisema mama mkwe wake amemtuma atuletee kuku, na anatusalimu sana."

Febronia alilazimika kuinuka, akasingizia anataka kuona banda. Huko bandani alikaa kwa muda. Aliporudi Mageni alikuwa amekwisha kumfunga kuku miguu, tayari, na hakutaka kubadilishana na kitu chochote. Ila Febronia alimwachia kanga yake ya pili, mpya, na hawakulizungumzia tena.

Alirudi na yule kuku mapajani njia nzima. Lori lilipodunda alimkumbatia, na kuku alipomdonoa kidole hakumlaani. Alipofika hakumpitisha upande wa Makoye. Alimfungulia bustanini kwake, katikati ya miche ambayo sasa ilikuwa imeanza kutambaa na mashina yake yamekomaa, akasimama kando kumtazama. Kuku akajinyoosha, akakung'uta vumbi la Masumbwe, akaenda moja kwa moja kwenye shina la kwanza akaanza kuparua.

"Uzio," Febronia akasema. Sauti haikuwa ile ya kanisani. "Mwambie Baba Limi mtu wake amerudi kazini. Na mwambie mama mkwe wake alisema uongo juu ya kuku, na anajua."

Alisubiri kikohozi. Hakikuja. Kilichokuja ni kicheko, cha chini kwanza, cha mtu anayejizuia, halafu kikamshinda, na Coletha naye ndani ya nyumba akadakia, na mwisho Limi, ambaye hakujua kinachochekwa. Febronia akaziba mdomo kwa kanga. Alicheka mpaka akakaa chini.

Mwaka ule mvua ilikuwa ya kutosha. Vibuyu vilipanda juu ya uzio kwa fujo, maana mmea haujui ukwe, vikashuka upande wa pili, na vikazaa pande zote mbili. Mabua ya mtama hayakujengwa kubeba uzito ule. Yakaanza kulala. Febronia akichomeka mti wa kuegemeza upande wake jioni, asubuhi alikuta mwingine umechomekwa upande wa pili kuukabili, na hivyo ndivyo walivyouzuia uzio usianguke msimu mzima, bila kuonana. Majirani waliokuwa wamemcheka Makoye walikuja kuomba mbegu, wakaambiwa wasubiri.

Kiangazi kilipofika na vibuyu vimekauka mpaka vinalia vikigongwa, Febronia alichagua kimoja, chenye kiuno chembamba kuliko vyote, akakitoboa, akakisafisha kwa mchanga na kokoto mpaka ndani kukawa hakuna harufu chungu. Akampa Coletha. Coletha alikipokea kwa mikono miwili, akakigonga kwa ukucha akasikiliza kinavyolia, na kopo la bati tangu siku hiyo likabaki kuwa la sota.

Zikabaki mbegu. Zilitoka nyingi, nyeupe, safi. Febronia alizikausha, akazigawa mafungu mawili ndani ya maganda ya mahindi. Fungu moja akalitundika juu ya moto wake. Lingine akalipeleka kwenye uzio, akalipitisha katikati ya mabua yaliyochoka, akalishikilia hapo.

"Uzio," akasema. "Mbegu hii ilikuwa ya bibi, akampa mama, mama akanipa mimi. Haijawahi kushikwa na mwanamume. Coletha nimempa kibuyu, kinamtosha. Huyo hana subira ya kuamka alfajiri. Hii ni ya Baba Limi."

Akasikia hatua zikija, zikasimama karibu kabisa, karibu kuliko ilivyoruhusiwa. Akageuza uso pembeni, kama inavyotakiwa, mkono ukiwa bado ndani ya mabua. Alisikia anajaribu kukohoa, na kikohozi kikakatika katikati.

"Nimepokea, mayu," Makoye akasema.

Ganda la hindi likatoka mkononi mwa Febronia taratibu. Baadaye Coletha alimweleza mama yake kwamba usiku ule mume wake hakula mpaka alipopata mahali pa kulitundika, juu ya moto, juu kabisa kwenye pau, mahali ambapo hata yule kuku mwekundu asingefika.